Clara Zetkin na Ukweli Uliobaki Ndani ya Vikao

Katika vyama vya siasa kuna kanuni ambayo kila mwanachama anaijua hata kama hajawahi kuisoma katiba ya chama chake: mambo ya chama huzungumzwa ndani ya vikao. Mwenye dukuduku alitoe humo, abishane humo, ashinde au ashindwe humo, na mlango ukishafunguliwa wote watoke na kauli moja. Kanuni hiyo ina mantiki yake, kwa sababu watu wasio na mali wala jeshi hawana nguvu nyingine isipokuwa kushikamana, na mgomo ambao kila kiongozi wake anatangaza msimamo wake peke yake huvunjika kabla jua halijatua. Hata hivyo, kanuni hiyohiyo inaweza kumfanya mtu aliyeiona hatari mapema kuliko wenzake aifungie katika makabrasha ya chama, mpaka ifike siku ambayo kuisema hakusaidii tena. Sijui maisha ya mwanasiasa yanayolionyesha jambo hili kwa uchungu zaidi kuliko maisha ya Clara Zetkin, mkomunisti wa Kijerumani aliyezaliwa mwaka 1857 na kufariki mwaka 1933, miezi michache baada ya Hitler kukabidhiwa serikali.

Kwetu Afrika Mashariki jina lake, likitajwa, hutajwa mwezi Machi. Wanawake wanapopita mbele ya jukwaa wakiwa katika vitenge vya sare, bendi ikitangulia na mabango yakibeba kaulimbiu ya mwaka, pengine mzungumzaji atakumbusha kwamba mwaka 1910, mjini Copenhagen, mkutano wa wanawake wa kisoshalisti ulikubali pendekezo la Zetkin na wenzake la kutenga siku moja kila mwaka ya kudai haki za wanawake, kwanza kabisa haki ya kupiga kura. Huko kwao Ujerumani kumbukumbu yake imekuwa ya mvutano. Ujerumani Mashariki iliuchapa uso wake kwenye noti ya marki 10, na upande wa pili wa noti hiyo ikaweka picha ya mwanamke aliye kazini mbele ya meza ya kuongozea mitambo ya umeme. Nchi hiyo ilipotoweka noti nayo ilikwenda, na mwaka 1995 jina la Zetkin likaondolewa kwenye mtaa uliopakana na jengo la Bunge mjini Berlin, mtaa ukarudishiwa jina lake la zamani, Dorotheenstraße. Waliotaka jina hilo liondolewe walisema kwamba mtu aliyetamani Ujerumani ya kisovieti hakustahili heshima kando ya bunge la kidemokrasia. Pande zote mbili, kwa maoni yangu, zilimpunguza. Noti ilimchukua kama mtakatifu wa chama na kibao cha mtaa kikamhukumu kama adui wa demokrasia, na kwa namna hiyo kila upande ulijiepusha na swali gumu, ambalo ni kwa nini mwanamke aliyeuelewa ufashisti mapema na kwa kina kuliko karibu wanasiasa wote wa kizazi chake alibaki hadi mwisho katika chama kilichokuwa kikifanya kinyume cha alichokiona.

Alizaliwa Clara Eissner katika kijiji cha Wiederau, Saxony, ambako watu wengi walifuma soksi majumbani mwao kwa ujira mdogo. Baba yake alikuwa mwalimu wa shule na mpiga kinanda kanisani. Alisomea ualimu mjini Leipzig, akaingia katika harakati za wafanyakazi, na akampenda Ossip Zetkin, mkimbizi wa kisiasa kutoka Urusi. Sheria ya Bismarck, kansela wa Ujerumani, dhidi ya wasoshalisti, iliyodumu tangu 1878 hadi 1890, ilimsukuma Ossip nje ya Ujerumani, na Clara akamfuata Paris. Waliishi kama mume na mke bila cheti cha serikali ili Clara asipoteze uraia wake, wakazaa watoto wawili wa kiume, wakawalea kwa vijisenti vya kutafsiri na kufundisha. Ossip alifariki Januari 1889 baada ya kuugua kifua kikuu cha uti wa mgongo. Miezi sita baadaye, mjane huyo wa miaka 32 alisimama mbele ya mkutano ulioanzisha Umoja wa Pili wa Kimataifa wa wasoshalisti na kuwaambia wanaume waliotaka wanawake wazuiwe kufanya kazi viwandani kwamba mwanamke asiye na kipato chake ni mtumwa wa mumewe kama vile mfanyakazi alivyo mtumwa wa bepari.

Kuanzia mwaka 1892, kwa robo karne, alikuwa mhariri wa Die Gleichheit, yaani Usawa, gazeti la wanawake wa Chama cha Kisoshalisti cha Kidemokrasia, SPD, lililochapishwa Stuttgart na ambalo kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia lilifikia nakala zaidi ya laki moja. Ikumbukwe kwamba hadi mwaka 1908 sheria za Prussia na za majimbo mengine kadhaa zilimkataza mwanamke kujiunga na chama cha siasa. Chama kiliikwepa sheria hiyo kwa kuteua wanawake mmoja mmoja kuwa wasimamizi wa kuaminiwa, kwani sheria ilikataza jumuiya lakini haikuweza kumkataza mtu binafsi. Katika mazingira hayo Zetkin alijifunza kwamba chama ni nyumba ambayo mtu huijenga kwa mikono yake tofali moja baada ya jingine, na somo hilo lilimtawala maisha yake yote.

Nyumba hiyo ilikuwa na nyufa mapema. Agosti 1907 mkutano mkuu wa Umoja wa Pili ulifanyika Stuttgart, mjini kwake, sambamba na mkutano wa kwanza wa kimataifa wa wanawake wa kisoshalisti ambao yeye aliuandaa. Vita vya Maji Maji vilikuwa vimezimwa muda mfupi tu uliopita, na kusini mwa Tanganyika watu walikuwa wamekufa kwa maelfu kwa maelfu, wengi wao si kwa risasi bali kwa njaa, kwa sababu jeshi la Wajerumani lilichoma mashamba na maghala ya chakula. Mbele ya mkutano huo ililetwa rasimu iliyosema kwamba ukoloni haupaswi kukataliwa moja kwa moja na kwa nyakati zote, kwa kuwa chini ya usoshalisti ungeweza kuwa na kazi ya kustaarabisha. Wajumbe wengi wa Kijerumani waliiunga mkono. Ilianguka kwa kura 127 dhidi ya 108. Ninaitaja kura hiyo kwa sababu msomaji wa Songea au Kilwa ana haki ya kujua kwamba chama kikubwa kuliko vyote cha wafanyakazi duniani kilihitaji kupigiwa kura na wageni ili kisitamke hadharani kwamba ukoloni una faida, na kwa sababu baada ya hapo yaliyotokea mwaka 1914 hayapaswi kumshangaza mtu.

Tarehe 4 Agosti 1914 wabunge wa SPD waliidhinisha mikopo ya kugharimia vita. Siku moja kabla, ndani ya kikao cha wabunge wa chama, 14 walikuwa wamepinga na 78 wakakubali, na siku ya kura bungeni hata wale waliopinga walinyoosha mkono pamoja na wenzao, akiwemo Karl Liebknecht. Ilimchukua Liebknecht mpaka Desemba kuinuka peke yake na kusema hapana. Zetkin hakuwa mbunge, na wanawake wa Ujerumani hawakuwa na kura, lakini alikuwa na gazeti na alikuwa na wanawake wenzake nchi za nje. Machi 1915 aliitisha mjini Bern mkutano wa wanawake wa kisoshalisti kutoka nchi zilizokuwa zikipigana, na tamko lao liliwauliza wake wa wafanyakazi waume zao wako wapi, na wana wao wako wapi. Kwa kulisambaza Ujerumani alikamatwa na kuwekwa mahabusu Karlsruhe, akiwa na miaka 58 na afya dhaifu. Mwaka 1917 chama kilimnyang'anya gazeti alilolihariri kwa miaka 25.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo ninalolisema. Zetkin hakuwa mwoga, wala hakuwa mtu asiyejua namna ya kuvunja kauli moja ya chama, kwa maana aliivunja, na malipo yake yakawa jela na kupokonywa kazi ya maisha yake. Swali ni kwa nini hakuivunja mara ya pili. Jibu langu ni kwamba kuvunja mara ya kwanza kulimgharimu karibu kila kitu. Tarehe 15 Januari 1919 askari waliotumwa kuzima maasi ya Berlin chini ya serikali ya SPD walimuua Rosa Luxemburg, rafiki yake wa miaka ishirini, pamoja na Liebknecht, na mwili wa Rosa ukatupwa mferejini. Chama cha zamani kilikuwa sasa na damu ya rafiki zake. Chama kipya, Chama cha Kikomunisti cha Ujerumani, KPD, kilikuwa kichanga na kisicho na viongozi, na mapinduzi pekee yaliyokuwa yameshinda duniani yalikuwa ya Urusi. Zetkin alijiunga na KPD mwaka huohuo akiwa na miaka 61, na mwaka uliofuata akaingia katika Bunge la Ujerumani, Reichstag, alikobaki mbunge hadi mwaka 1933. Mtu aliyezika marafiki wake pamoja na chama chake cha kwanza haondoki kirahisi katika cha pili.

Jaribio la kwanza lilikuja Machi 1921. Uongozi wa KPD, ukichochewa na wajumbe wa Umoja wa Kimataifa wa Kikomunisti, Komintern, uliwaita wafanyakazi wa Ujerumani ya kati kwenye maasi ambayo wengi wao hawakuyataka. Mahali pengine wasio na kazi walitumwa kuwazuia wenye kazi wasiingie viwandani. Maasi yalizimwa katika siku chache, maelfu wakafungwa, na chama kikapoteza sehemu kubwa ya wanachama wake. Paul Levi, aliyewahi kuwa wakili wa Rosa na baadaye mwenyekiti wa chama, aliandika kijitabu akieleza bila kuficha kwamba huo haukuwa mpango wa mapinduzi bali kamari iliyochezwa kwa maisha ya wafanyakazi. Zetkin alikubaliana naye karibu katika kila hoja, na alikuwa amejiuzulu pamoja naye kwenye uongozi hata kabla ya maasi hayo. Levi alifukuzwa chamani mwezi Aprili kwa kuvunja nidhamu.

Zetkin alikwenda Moscow kumtetea. Katika kumbukumbu zake za mazungumzo na Lenin anaeleza kwamba Lenin alikiri kuwa ukosoaji wa Levi ulikuwa sahihi katika mambo mengi. Kosa la Levi, kwa Lenin, lilikuwa kuusemea nje, hadharani, wakati chama kiko taabuni. Mkutano wa tatu wa Komintern ukaupokea ukosoaji na kumtupa mkosoaji: ulikataa siasa ya maasi ya kubahatisha, ukawataka wakomunisti wawaendee wafanyakazi walio wengi, na papo hapo ukathibitisha kufukuzwa kwa Levi. Zetkin aliukubali uamuzi huo. Tarehe 5 Julai 1921, siku aliyotimiza miaka 64, wajumbe waliokuwa wamemshambulia siku chache nyuma walisimama ukumbini na kumpigia makofi. Naiona siku hiyo kuwa ndiyo iliyoamua maisha yake yaliyobaki. Alifundishwa kwa mfano hai kwamba hoja inaweza kushinda mradi mwenye hoja amenyamaza, na kwa kuwa mara hiyo hoja ilishinda kweli, somo lilionekana la haki. Halikueleza nini kifanyike endapo ndani ya kikao hatakuwepo tena mtu wa kusikiliza.

Mwaka 1922 ulikuwa mbaya zaidi, na anayemheshimu Zetkin hana ruhusa ya kuuruka. Katika kesi ya viongozi wa Chama cha Wanamapinduzi wa Kisoshalisti iliyoendeshwa Moscow kiangazi cha mwaka huo, alikaa upande wa mashtaka kwa niaba ya Komintern, dhidi ya wasoshalisti ambao baadhi yao walikuwa wameonja jela za mfalme wa Urusi. Washtakiwa 12 walihukumiwa kifo, ingawa utekelezaji ulisitishwa. Mwaka huohuo Levi alichapisha mswada ambao Rosa aliuandika gerezani mwaka 1918, akiyasifu mapinduzi ya Urusi huku akionya kwamba uhuru walio nao wanaoiunga mkono serikali peke yao si uhuru, na kwamba bila uchaguzi, magazeti na mikutano, maisha ya umma hufa na watendaji wachache ndio hubaki wakitawala. Zetkin aliandika kitabu kizima kuwaambia wasomaji kwamba Rosa alibadili mawazo hayo kabla ya kuuawa. Sipendi kuwahukumu wafu, lakini ninapofikiria kwamba kati ya watu wote waliokuwa hai ni Zetkin aliyebeba kazi ya kulipunguza makali onyo la rafiki yake, naona nidhamu ya chama ilikuwa imeingia mahali ambapo haikustahili kuingia kabisa.

Na bado, mwaka mmoja tu baadaye, mwanamke huyohuyo alitoa uchambuzi ambao hadi leo sijaona sababu ya kuurekebisha sana. Mussolini, kiongozi wa mafashisti, alikuwa ametwaa serikali ya Italia Oktoba 1922. Wakomunisti wengi walimwona kuwa jambazi wa kukodiwa na mabepari, aina nyingine tu ya askari katili kama wale waliozima mapinduzi ya Hungaria mwaka 1919. Juni 1923, mbele ya kamati tendaji ya Komintern, Zetkin alisema hapana. Ukatili wa Hungaria, alieleza, ulifanywa na kikundi kidogo cha makabaila na maofisa, ilhali ufashisti una umma nyuma yake. Aliwataja watu hao mmoja baada ya mwingine: maofisa walioachishwa kazi baada ya vita, wenye maduka waliofilisika, makarani, walimu na wasomi ambao mishahara yao imeliwa na mfumuko wa bei, hata wafanyakazi waliokata tamaa. Ni watu wenye njaa na waliovunjika moyo, wengi wao waliwahi kuutumainia usoshalisti, na wasoshalisti waliposhindwa kutimiza ahadi walihamisha tumaini lao kwa taifa na kwa dola waliyodhani itasimama juu ya matabaka yote. Kwa hiyo ufashisti, kwa maneno yake, ulikuwa adhabu kwa tabaka la wafanyakazi kwa kutoyaendeleza mapinduzi yaliyoanzia Urusi.

Kutokana na uchambuzi huo alitoa masharti mawili. Wafanyakazi wajilinde kwa pamoja dhidi ya magenge, bila kuulizana kadi za chama, kwa kuwa rungu la fashisti halibagui msoshalisti na mkomunisti. Na wale umma waliopotea wapiganiwe kwa hoja, kwa kuelewa kinachowauma, maana mtu mwenye njaa ya matumaini harudishwi kwa kutukanwa. Yote hayo yalisemwa miezi mitano kabla ya Hitler kujaribu mapinduzi yake ya kwanza mjini Munich, jaribio lililoshindwa na ambalo wengi walilicheka.

Kilichofuata kinajulikana kwa sura ya jumla, lakini kwa Zetkin kilikuwa cha binafsi sana. Lenin alifariki Januari 1924. Yeye mwenyewe, akiwa mgonjwa na macho yakififia, aliishi sehemu kubwa ya muda wake Urusi, akaongoza Msaada Mwekundu wa Kimataifa uliowahudumia wafungwa wa kisiasa na familia zao, na akapewa heshima za kila namna. Huku akipambwa, alizungukwa. Mwaka 1928 Komintern ilipitisha msimamo kwamba mapambano ni ya tabaka dhidi ya tabaka, na kwa muda mfupi ikawa kauli rasmi kwamba wasoshalisti wa SPD ni mafashisti wa kijamii, adui mkuu wa kupigwa kwanza.

Mwaka huohuo ilizuka kashfa ya Hamburg. Katibu wa chama wa mji huo, John Wittorf, alikula fedha za chama, na mwenyekiti wa KPD, Ernst Thälmann, alijua akafunika. Kamati kuu ilimsimamisha Thälmann mwezi Septemba. Siku chache baadaye Stalin aliutengua uamuzi huo kutoka Moscow, na badala ya mficha wizi, waliosukumwa nje wakawa wale waliotaka wizi usifichwe pamoja na wote waliotilia shaka msimamo mpya. Desemba 1928, kwenye kikao cha uongozi wa juu wa Komintern, Zetkin alikuwa miongoni mwa wachache kabisa waliopinga kufukuzwa kwao. Alishindwa. Machi 1929 alimwandikia barua Jules Humbert-Droz, mkomunisti wa Uswisi aliyepinga pamoja naye. Alisema anajiona mpweke na mgeni katika chombo ambacho zamani kilikuwa kiumbe hai cha siasa na sasa kimekuwa mashine mfu, inayomeza amri kwa Kirusi upande mmoja na kuzitema upande wa pili kwa lugha mbalimbali.

Sijawahi kusoma maelezo ya Komintern ya miaka hiyo yaliyo mafupi na ya kweli kuliko hayo. Yaliandikwa na mtu aliyekuwa ndani kabisa. Na yaliandikwa katika barua.

Wakati mashine ile ikitema amri, Ujerumani ilikuwa ikiporomoka. Mwaka 1931 KPD iliunga mkono kura ya maoni iliyoanzishwa na makundi ya mrengo wa kulia, na kupigiwa debe na Wanazi, ya kuiangusha serikali ya SPD ya Prussia. Haki inataka niseme kwamba SPD haikuwa na mikono safi: ni waziri wake, Gustav Noske, aliyeyaongoza majeshi ya 1919, na Mei Mosi ya 1929 polisi wa Berlin chini ya mkuu wa polisi wa SPD waliwaua watu zaidi ya thelathini. Mfanyakazi mkomunisti aliyeokota maiti ya jirani yake mwezi huo hakuhitaji Moscow imfundishe kuichukia SPD. Kazi ya uongozi, hata hivyo, ilikuwa kuona mbali kuliko chuki hiyo, na hesabu ilikuwa wazi kwa anayetaka kuhesabu. Katika uchaguzi wa Julai 1932 Wanazi walipata viti 230, SPD 133 na KPD 89. Novemba mwaka huohuo Wanazi walishuka hadi 196, SPD ikapata 121 na KPD 100, yaani vyama viwili vya wafanyakazi, vikijumlishwa, vilikuwa na viti vingi kuliko Hitler. Havikujumlishwa.

Kati ya chaguzi hizo mbili ndipo ilipotokea siku ambayo bila hiyo huenda Zetkin angebaki jina la kwenye noti tu. Desturi ya Reichstag ilimpa mbunge mwenye umri mkubwa kuliko wote haki ya kufungua bunge jipya. Kwa umri, zamu ilikuwa yake. Magazeti ya Wanazi yalimtukana na vitisho vya kumuua vilitolewa. Alisafiri kutoka Urusi, akiwa na miaka 75, karibu kipofu, moyo ukimsumbua, na tarehe 30 Agosti 1932 akaingizwa ukumbini akiwa ameshikwa mikono huku na huku, hatua kwa hatua, hadi kwenye kiti cha juu. Mbele yake walikaa wabunge 230 wa Nazi katika mashati yao ya kahawia. Walikuwa wameagizwa wanyamaze, nao wakanyamaza. Alipigisha kengele, akaanza kwa sauti iliyosikika kwa shida, ikapata nguvu kadiri alivyoendelea, na akazungumza kwa zaidi ya nusu saa.

Hotuba hiyo haina budi kusomwa kwa makini, kwa alichokisema na kwa alichokiacha. Aliishutumu serikali ya kansela Franz von Papen iliyotawala kwa amri za rais bila ridhaa ya bunge. Aliwalaumu viongozi wa SPD kwa siasa yao ya kuchagua shari iliyo nafuu, ambayo kila mara iliwaongezea wapinzani wa wafanyakazi ujasiri. Kisha akasema kwamba jambo la dharura kuliko yote ni umoja wa wafanyakazi wote ili kuurudisha nyuma ufashisti, na kwamba mbele ya ulazima huo vifungo vyote vya kisiasa, vya vyama vya wafanyakazi, vya dini na vya itikadi vinavyowatenganisha watu lazima viwekwe kando. Kila anayetishiwa, kila anayeteseka na kila anayetamani ukombozi, alisema, mahali pake ni katika umoja huo, na mamilioni ya wanawake wasikosekane. Maneno "ufashisti wa kijamii", ambayo wakati huo yalijaa katika kila gazeti la chama chake, hayamo. Hotuba yake ya Juni 1923 ilikuwa imerudi, safari hii ikisemwa mbele ya nchi nzima.

Walioondoa jina lake mtaani mwaka 1995 wangenikumbusha namna alivyohitimisha, nami silifichi: alisema anafungua bunge hilo akitumaini kwamba, pamoja na udhaifu wake, atajaliwa kuufungua pia mkutano wa kwanza wa mabaraza ya Ujerumani ya kisovieti. Hakuitetea Jamhuri ya Weimar, yaani dola ya Ujerumani ya tangu 1919, kwa kuipenda. Alitaka kitu kingine mahali pake, na kitu hicho huko Urusi tayari kilikuwa kimeua na kinaendelea kuua. Ninachokataa ni kuitumia sentensi hiyo moja kuifuta hotuba nzima. Katika ukumbi ule, siku ile, walikuwepo wanademokrasia wengi waliokula kiapo cha katiba ambao muda mfupi baadaye walimpigia kura mrithi wa kiti chake. Bibi alikabidhi kengele, na kwa kura za Wanazi na vyama vya katikati na kulia akachaguliwa Spika mpya: Hermann Göring, mmoja wa viongozi wa Wanazi.

Paul Levi hakuiona siku hiyo. Alikuwa amerudi SPD, akiwa wakili na mbunge, na alifariki Februari 1930 baada ya kuanguka kutoka dirishani akiwa na homa kali. Reichstag iliposimama kumkumbuka, makundi mawili ya wabunge yalitoka nje ya ukumbi, la Wanazi na la Wakomunisti. Alisema nje, akafukuzwa, akafa bila chama kikubwa cha kumsikiliza. Kwa hiyo sidai kwamba kuongea hadharani kungemwokoa Zetkin au Ujerumani. Huenda barua ile ya mashine mfu, kama ingetoka gazetini mwaka 1929, ingemletea kufukuzwa na matusi ya wiki mbili tu. Lakini katika KPD walikuwepo wafanyakazi kwa maelfu walioiona hali kama yeye, katika matawi ya Stuttgart, Leipzig na Thuringia, ambao walifukuzwa mmoja mmoja wakiambiwa kuwa Clara Zetkin yuko upande wa uongozi. Hao walistahili kujua kwamba hayuko.

Alirudi Urusi baada ya hotuba ile. Moto uliliteketeza jengo la Reichstag tarehe 27 Februari 1933, na wakomunisti wakaanza kukamatwa usiku uleule. Thälmann alikamatwa tarehe 3 Machi na hakutoka tena akiwa hai. Zetkin alifariki tarehe 20 Juni 1933 huko Archangelskoye, nje ya Moscow. Siku mbili baadaye, Wanazi walikipiga marufuku SPD, na wanachama wa vyama vile viwili wakakutana, hatimaye, katika kambi zilezile za wafungwa. Majivu yake yaliwekwa kwenye ukuta wa Kremlin mbele ya umati mkubwa, na miongoni mwa waliobeba chombo chenye majivu hayo alikuwamo Stalin. Hotuba za maziko zilimsifu kwa uaminifu wake kwa chama. Barua ya Machi 1929 ilikuwa bado haijachapishwa.